Anayenunua pikipiki iliyotumika Vietnam aanze na kadi, ndipo atazame injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wetu wanaohamia Vietnam kwa masomo, kufundisha au kufanya biashara, hasa wale ambao hata kabla ya kupata chumba cha kudumu huwa wamekwisha kushauriwa na wenzao kwamba jambo la kwanza ni kununua pikipiki iliyotumika. Ushauri huo kwa asili yake si mbaya. Vietnam ni nchi ya pikipiki, zilizosajiliwa ni zaidi ya milioni 70, na katika miji kama Hanoi na Ho Chi Minh City asiye na chombo chake hupoteza muda mwingi na nauli nyingi. Kinachonisumbua ni kwamba mazungumzo yote huishia kwenye bei. Kijana huambiwa kwamba kwa dong milioni 5 hadi 8, yaani dola za Marekani kama 200 hadi 300, atakuwa ameondokana na shida ya usafiri, na hakuna anayemweleza jina la nani limeandikwa kwenye kadi, leseni yake inatambuliwa au haitambuliwi, na nani atalipa siku atakapoanguka.

Nimeishi nchi hii kwa muda wa kutosha kuona mambo hayo yakiwafika watu ninaowafahamu, na nimefikia msimamo ambao ningependa wasomaji wako waupime: mwenye fedha kidogo ndiye asiyeweza kabisa kumudu pikipiki isiyo na karatasi. Mwenye fedha nyingi pikipiki yake ikizuiliwa polisi atanunua nyingine, lakini aliyetoa akiba yake yote atabaki kwa miguu, na pengine na deni la hospitali juu yake.

Ni vizuri kwanza kueleza pikipiki hizi za bei ndogo zinatoka wapi. Nyingi huwa zimepita mikononi mwa wasafiri wageni wanaokwenda kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City au kinyume chake, safari ya barabara inayokaribia kilomita 1,700, ambao hununua mwanzo wa safari na kuuza mwisho wake kwa mgeni mwingine anayeelekea walikotoka. Iliyo maarufu kati yao ni ile inayoitwa Win. Honda Win halisi ilikuwa pikipiki ya sentimita za ujazo 100, ngumu na ya kuaminika, lakini nyingi zinazouzwa kwa wageni leo si Honda. Ni nakala zilizotengenezwa China au kuunganishwa kwa vipuri vya China, kisha zikabandikwa nembo. Zimebeba mizigo mizito milimani kwa miaka, zimetengenezwa haraka haraka njiani ili zifike tu, na kila mmiliki amemwachia anayefuata matatizo ambayo hakuyatibu.

Kwa bajeti ile ile au iliyozidi kidogo, ningemshauri kijana atafute Honda Wave, Honda Dream au Yamaha Sirius, zile ambazo gia zake hubadilishwa kwa mguu bila klachi ya mkono. Ndizo wanazotumia wenyeji kwenda sokoni na kupeleka watoto shule, kwa hiyo vipuri vyake vinapatikana hadi vijijini na kila fundi anazijua. Pia inafaa kujua kwamba Wave Alpha mpya kutoka dukani huuzwa kwa karibu dong milioni 18, maana anayetajiwa milioni 14 kwa pikipiki ya miaka minane anapaswa kuwa na kipimo cha kulinganishia.

Sasa nije kwenye kadi. Kadi ya usajili huonyesha jina na anwani ya mmiliki, namba ya usajili, aina na rangi ya pikipiki, namba ya injini na namba ya chesisi. Muuzaji asiyekuwa nayo, au anayesema imepotea, au anayeonyesha picha tu kwenye simu, aachwe hapo hapo bila kujali upole wake wala ukubwa wa punguzo analotoa. Kadi za kughushi zipo pia, na ndiyo maana haitoshi kuishika mkononi na kuridhika. Mnunuzi achukue kitambaa na brashi, asafishe matope na grisi mahali namba zilipopigwa kwenye fremu na kwenye kizimba cha injini, kisha asome tarakimu moja baada ya nyingine akilinganisha na zilizoandikwa. Ikiwa namba zimekwaruzwa kwa tupa, zimechomelewa au hazisomeki, asikubali maelezo yoyote. Inawezekana injini ilitolewa kwenye pikipiki nyingine, na inawezekana pikipiki yenyewe iliibwa; mnunuzi hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo, na askari hatalazimika kuamini kwamba hakujua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko hapa.

Kuna badiliko la sheria ambalo wageni wengi bado hawalifahamu, na wauzaji hawana haja ya kuwaeleza. Tangu tarehe 15 Agosti 2023, namba ya usajili nchini Vietnam hufungamanishwa na mwenye pikipiki, si na pikipiki. Mwenyeji akiuza, anatakiwa abaki na namba yake, arudishe kadi na kibao cha namba kwa polisi, na mnunuzi asajili pikipiki kwa namba yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mgeni anayenunua pikipiki yenye kibao cha zamani na kuendesha nayo miezi kadhaa anaendesha chini ya jina la mtu mwingine. Kamera za barabarani zikimnasa akipita taa nyekundu, taarifa ya faini huenda kwa mwenyeji ambaye huenda aliuza pikipiki hiyo miaka mitano iliyopita na hajui sasa iko mkononi mwa nani. Hili linaniuma zaidi kuliko hasara ya mnunuzi. Sisi wenyewe tusingependa mgeni atumie jina la mzazi wetu kwa namna hiyo, na hatuna sababu ya kuwafanyia wengine.

Je, mgeni anaweza kusajili pikipiki kwa jina lake? Anaweza, iwapo ana kadi ya ukaazi wa muda ambayo muda wake uliobaki unatosha kwa mujibu wa kanuni. Huyo, baada ya kukubaliana bei, aende na muuzaji aliyetajwa kwenye kadi kwenye ofisi ya mthibitishaji wa mikataba wakasaini mkataba wa mauziano, alipe ada ya usajili ambayo kwa pikipiki inayosajiliwa mara ya pili na kuendelea ni asilimia 1 ya thamani inayokadiriwa, kisha apeleke karatasi polisi ndani ya siku 30. Asilimia 1 ya pikipiki ya milioni 8 ni dong 80,000, kiasi ambacho mtu anaweza kukitumia kwa chakula cha siku moja au mbili. Kwa hiyo anayesema kwamba uhamisho ni ghali hasemi kweli. Ugumu wake ni kumpata mtu aliyetajwa kwenye kadi. Pikipiki ikiwa imepita kwa wageni watano bila yeyote kati yao kusajili, mtu huyo hapatikani tena, na ndiyo sababu hasa bei yake ikawa ndogo.

Mwenye viza ya kielektroniki ya siku 90 hawezi kusajili, na kwake ninasema waziwazi kwamba akodi. Najua wengi watanipinga kwa hesabu, wakisema kodi ya miezi mitatu inakaribia bei ya kununua. Hesabu hiyo husahau matengenezo, husahau kwamba mwisho wa miezi mitatu atalazimika kuuza kwa haraka akiwa na tiketi ya ndege mkononi, na husahau kwamba mwenye duka la kukodisha hubeba mzigo wa karatasi ambao yeye hawezi kuubeba.

Jambo la leseni ndilo watu hulikwepa zaidi, kwa sababu linaweza kuvunja mpango wote kabla fedha hazijatoka. Vietnam inatambua kibali cha kimataifa cha kuendesha kilichotolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa 1968, na haitambui kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949. Ndiyo maana raia wa Marekani, ambako hutolewa kibali cha 1949, hujikuta hana leseni halali Vietnam hata akiwa na kijitabu mkononi. Kijana anayetoka kwetu aulize mamlaka ya leseni ya nchi yake, kabla ya kupanda ndege, kibali wanachotoa ni cha mkataba upi, na ahakikishe kina muhuri wa daraja la pikipiki, kwa sababu leseni ya gari peke yake haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Kibali hicho pia hakifanyi kazi bila leseni ya nyumbani kando yake. Mwenye ukaazi wa muda mrefu anaweza kuomba kubadilishiwa leseni ya kwao ipate ya Vietnam, kazi ambayo tangu Machi 2025 iko chini ya Wizara ya Usalama wa Umma.

Sheria mpya ya usalama barabarani iliyoanza tarehe 1 Januari 2025 imegawa leseni za pikipiki kwa ukubwa wa injini: daraja A1 huishia sentimita za ujazo 125, na zaidi ya hapo huhitaji daraja A. Siku hiyo hiyo faini zilipanda sana. Kuendesha pikipiki isiyozidi 125 bila leseni ni faini ya dong milioni 2 hadi 4, na iliyozidi hapo ni milioni 6 hadi 8. Kwa maneno mengine, faini moja inaweza kufikia bei ya pikipiki yenyewe, na chombo kinaweza kuzuiliwa. Anayemwazima mtu asiye na leseni naye huadhibiwa, jambo ambalo wanafunzi wanaoishi nyumba moja na kugawana pikipiki wanapaswa kulizingatia. Kuhusu pombe, kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri.

Ipo njia halali kwa asiye na leseni, na inanishangaza kwamba haitajwi mara nyingi. Chombo chenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 50, au cha umeme chenye mota isiyozidi kilowati 4 na mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, hakihitaji leseni kwa mtu mzima. Ndivyo wanavyotumia wanafunzi wa sekondari wa Vietnam. Hakitavuka milima ya Ha Giang, lakini kitamfikisha mwalimu kazini na kumrudisha nyumbani akiwa ndani ya sheria.

Bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine barabarani ni dong 66,000 kwa mwaka kwa pikipiki iliyozidi sentimita za ujazo 50. Hiyo haimlipii mwendeshaji mwenyewe. Bima ya safari au ya afya ambayo mtu alikata kabla ya kuondoka nyumbani kwa kawaida huwa na sharti kwamba awe na leseni halali katika nchi alipopata ajali, na kampuni hulisoma sharti hilo siku ya madai, wakati majeruhi yuko wodini. Nimeshuhudia ndugu na marafiki wakichangishana kumlipia mwenzetu aliyevunjika mguu, na kila mchango uliotolewa ulikuwa mkubwa kuliko gharama ya kibali ambacho angekipata kabla ya safari.

Karatasi zikiwa safi, ndipo mnunuzi ageukie chombo. Aende mchana, asiende usiku wala wakati wa mvua, na kabla ya muuzaji kuwasha aguse injini kwa uangalifu. Ikiwa ni ya moto, aulize kwa nini, maana injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikishapashwa, na ugumu wake huonekana asubuhi ikiwa baridi. Akiwasha atazame bomba la moshi. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili kwamba injini inakula oili, kwa kawaida kutokana na ringi za pistoni au sili za valvu zilizokwisha; moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi hurekebishwa kwenye kabureta kwa gharama ndogo. Aiache ingurume yenyewe dakika kadhaa bila kuvuta mafuta, asikilize kama inatulia au inazimika. Achomoe kijiti cha kupimia oili aangalie: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida katika miji inayofurika wakati wa masika.

Ainamie cheni na spoketi. Meno ya spoketi yaliyochongoka na kuinama yanaonyesha kwamba seti nzima inapaswa kubadilishwa. Asimamishe pikipiki kwa stendi ya kati, ashike gurudumu la mbele alitikise huku na huku, na kama kuna mchezo, beringi zimekwisha. Apapase shokamzoba za mbele, na mkono ukitoka na mafuta, sili zimepasuka. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka mingi hugeuka gumu na kuteleza kwenye barabara yenye maji. Mita ya kilomita asiitegemee hata kidogo.

Baada ya hapo aombe kuiendesha, na akikataliwa aondoke. Akiwa kwenye barabara tulivu, alegeze mikono kwenye usukani kwa mwendo mdogo. Pikipiki inayovuta upande mmoja huenda fremu yake ilipinda katika ajali, na ubovu huo hautibiki kwa bei ya pikipiki ya milioni 6. Kisha, hata kama ameridhika kabisa, amwombe muuzaji waende pamoja kwa fundi ambaye muuzaji hakumchagua. Vibao vyenye maneno sửa xe, yaani matengenezo ya vyombo, viko karibu kila mtaa, na fundi akilipwa kiasi kidogo ataona kwa dakika kumi mambo ambayo mnunuzi asingeyaona kwa mwezi. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa.

Katika bajeti, ningesema theluthi moja ya fedha isiguswe siku ya kununua. Mwenye milioni 9 atafute pikipiki ya milioni 6. Zinazobaki zitakwenda kwenye oili, breki, tairi, betri, na helmeti ya kweli yenye alama ya ubora ya CR, si yale makofia membamba ya plastiki yanayouzwa kando ya barabara ambayo humkinga mtu na faini tu. Oili ya pikipiki hizi ndogo haifiki lita moja, kwa hiyo huchafuka upesi, na kuibadilisha kila baada ya kilomita 1,500 hivi ndiyo matengenezo ya bei ndogo kuliko yote.

Anayeishi Hanoi ana jambo moja la ziada la kupima. Agizo la Waziri Mkuu la Julai 2025 liliutaka mji huo uchukue hatua ili kuanzia tarehe 1 Julai 2026 pikipiki za petroli zisitumike ndani ya Barabara ya Mzunguko ya Kwanza, yaani katikati ya mji. Kabla ya kulipa, aulize mamlaka za mtaa wake utekelezaji umefikia wapi, kwa sababu linagusa anakoweza kupita leo na pia bei atakayopata siku atakapouza.

Nimeandika juu ya Vietnam kwa kuwa ndiko ninakoishi, lakini walio Thailand na Indonesia wana mambo yanayofanana na haya. Thailand kuna kitabu cha kijani cha usajili, na uhamisho hufanywa katika Idara ya Usafiri wa Nchi Kavu; Indonesia kuna kitabu cha umiliki kiitwacho BPKB, tofauti na karatasi ya STNK inayobebwa barabarani, na anayepewa STNK peke yake bado hajauziwa pikipiki.

Mwisho nina ombi kwa wenzetu wanaomaliza mikataba na masomo yao wakajiandaa kurudi nyumbani, kwa kuwa wao ndio huwauzia wageni wapya. Anzeni kuuza mwezi mmoja kabla ya safari badala ya siku mbili, ili muda wa kwenda kwa mthibitishaji na polisi uwepo. Mkabidhini mnunuzi kadi, mkataba mlionunulia na cheti cha bima, na mweleze bila kuficha kile kilichoharibika. Kama pikipiki yenu haina karatasi kamili, msimuuzie kijana aliyefika wiki hii na ambaye hajui la kuuliza.

Ni mimi msomaji wako,
Da Nang, Vietnam